Nani Bosi wa Kocha? Mambo ya Kuandika Kabla ya Kushinda

Kwenye karatasi za chuo kikuu chochote cha Marekani, kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani ana bosi. Bosi huyo ni mkurugenzi wa michezo, juu yake yuko rais wa chuo, na juu ya rais iko bodi ya wadhamini. Chuo kikiwa cha umma, mara nyingi gavana wa jimbo naye ana mkono ndani ya bodi, kwa kuwa ndiye anayeteua wajumbe. Lakini nenda uwanjani Jumamosi, ukute watu elfu 80 wamevaa rangi moja na wanaliimba jina la kocha. Hapo utaona mchoro ule wa madaraka unavyobaki kuwa karatasi tu.

Nimekaa upande wa ofisi, kwenye meza ya mikataba na kanuni, katika chuo ambacho sitakitaja. Nilikuwapo kocha alipotafutwa, nikawapo alipofungashiwa virago, kisha tukaanza upya na mwingine. Yangu binafsi si mengi na hayana faida kwa msomaji. Chenye faida ni utaratibu wenyewe: unaanzia wapi, unaharibikia wapi, na kila kosa linagharimu nini. Nawaandikia Waswahili wanaosomea uongozi wa michezo huko. Nawaandikia pia wazazi ambao watoto wao wamepata ufadhili wa kucheza, maana mzazi anapaswa kujua nani ana neno la mwisho mwanawe akianguka uwanjani.

Nililoondoka nalo ni hili: madaraka yasiyoandikwa kabla ya msimu huchukuliwa na anayeshinda mechi. Siku akianza kupoteza, huhamia kwa mwenye pesa au mwenye kura. Ofisini hayarudi.

Kabla ya simu ya kwanza

Kosa la kwanza hutokea kabla kocha hajapatikana, pale watu wanapokuwa hawajui nani ameshika kalamu. Novemba 26, 2017, mkurugenzi wa michezo wa Tennessee, John Currie, alisaini makubaliano ya awali na Greg Schiano ili awe kocha mkuu. Siku hiyohiyo mashabiki, wafadhili na wanasiasa wa jimbo wakachachamaa, na kufikia jioni chuo kilikuwa kimejitoa. Saini ya Currie ilikuwepo, ya Schiano ilikuwepo, ya mkuu wa chuo, Beverly Davenport, haikuwepo. Desemba 1 Currie alisimamishwa kazi, na kiti chake akapewa Phillip Fulmer, kocha wa zamani wa timu hiyohiyo. Currie baadaye alilipwa dola milioni 2.5 ili waachane.

Wengi hukumbuka makelele ya siku ile. Mimi hukumbuka ile nafasi tupu ya saini. Mkurugenzi alienda sokoni akiamini ametumwa, kumbe waliomtuma walikuwa hawajakubaliana wao kwa wao.

Chuo cha Auburn walifanya kosa la upande wa pili. Novemba 2003 rais wa chuo, William Walker, mkurugenzi wa michezo, David Housel, na wadhamini wawili walipanda ndege wakaonane kwa siri na Bobby Petrino, wakati huo kocha wa Louisville. Tommy Tuberville alikuwa bado ndiye kocha wao, na zilibaki siku mbili wacheze na Alabama. Waliifunga Alabama. Safari ikajulikana kupitia kumbukumbu za ndege, Tuberville akabaki na kazi yake, na Januari 2004 rais ndiye aliyejiuzulu. Hapo wadhamini waliingia kwenye kazi ya mkurugenzi, rais akawafuata badala ya kuwazuia, na kocha akatoka na nguvu kuliko alizokuwa nazo mwanzo.

Kwa hiyo kabla simu ya kwanza haijapigwa, andikeni ukurasa mmoja. Uwe na majina ya watu wasiozidi watatu wanaofanya utafutaji, jina la mmoja tu anayezungumza na wakala wa kocha, kiwango cha juu cha mshahara na cha fidia ya kuvunja mkataba, na kiasi ambacho kikivukwa lazima bodi ipige kura. Rais asaini, mwenyekiti wa bodi asaini. Kwenye makubaliano ya awali wekeni sentensi inayosema wazi kwamba hayamfungi yeyote mpaka rais asaini na bodi ipitishe. Na katika chuo cha umma, mtu asiandike kwa barua pepe wala ujumbe wa simu neno ambalo hangependa lisomwe gazetini, kwa sababu sheria za kumbukumbu za umma huruhusu waandishi kuyaomba. Siku hizi hata ndege hufuatiliwa mtandaoni na shabiki yeyote kwa namba iliyoandikwa karibu na mkia wake.

Fidia ndiyo cheo halisi

Hapa ndipo nilipoumia zaidi, na ndipo vyuo vinapozidi kuumia.

Watu hudhani nguvu ya kocha hutokana na ushindi. Ushindi humpa mwaka mmoja, miwili. Nguvu inayodumu hutokana na kipengele cha fidia, yaani kiasi ambacho chuo kitamlipa kikimwondoa bila kosa. Kikiwa kidogo, mkurugenzi anaweza kumwambia kocha "hapana" na kocha akasikiliza. Kikiwa kikubwa kuliko bajeti ya mwaka ya michezo mingine yote kwa pamoja, maneno ya mkurugenzi yanakuwa maombi.

Mfano unaojulikana ni Texas A&M. Desemba 2017 walimchukua kocha Jimbo Fisher kwa miaka 10 na dola milioni 75 zilizohakikishwa zote. Msimu wa 2020 timu ilishinda mechi 9 ikapoteza 1, na mwaka uliofuata mkataba ukasogezwa hadi 2031 kwa mshahara mkubwa zaidi. Novemba 12, 2023 wakamwondoa, akiwa ameshinda mechi 45 na kupoteza 25, na deni likawa takriban dola milioni 76. Dola milioni 19.2 zilipaswa kulipwa ndani ya siku 60, kisha milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Hata angepata kazi nyingine kesho yake, senti isingepungua.

Yapo makosa matatu humo, na kila moja lina mahali pake kwenye mkataba. La kwanza ni kuhakikisha mshahara wote, asilimia 100. La pili ni kuacha kipengele cha kupunguziana, ambacho humtaka kocha atafute kazi kwa nia njema na mshahara wake mpya ukatwe kwenye deni. La tatu ni kuongeza miaka kwa furaha ya msimu mmoja.

Linganisha na Penn State. Oktoba 2025 walimwondoa kocha James Franklin wakidaiwa takriban dola milioni 49. Kwa kuwa mkataba wake ulikuwa na mlango wa kupunguziana, Franklin alipopata kazi Virginia Tech wiki chache baadaye, pande mbili zilimalizana kwa milioni 9. Tofauti ya milioni 40 ilikaa ndani ya aya moja ambayo wakala huomba iondolewe katika saa ya mwisho, wakati kila mtu amechoka na mkutano wa waandishi umeshapangwa kesho asubuhi.

Kosa la tatu nalijua kwa karibu. Kwetu, nyongeza ya miaka ilipita kwenye kikao cha dakika chache, wiki iliyofuata ushindi mkubwa, na uvumi kwamba chuo kingine kinamnyemelea kocha ulikuwa umeshasambaa. Hakuna aliyeuliza uvumi umetoka wapi. Ulitoka kwa wakala, kama kawaida. Nilikuwa na jedwali mkononi linaloonyesha deni litakavyokuwa kila Desemba kwa miaka mitano, nikanyamaza kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinatabasamu. Jedwali hilo sasa nalipendekeza liwe ukurasa wa kwanza wa mkataba, kabla hata ya jina la kocha: mistari mitano, tarehe na kiasi. Na nyongeza yoyote isubiri siku 60 baada ya mechi ya mwisho.

Kuna wanaodhani watajiokoa kwa kutafuta kosa baadaye. Kansas walimwachisha kocha David Beaty Novemba 2018, naye akiwadai dola milioni 3, kisha wakasema wamegundua ukiukaji wa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na wakazuia malipo. Beaty akashtaki, na Juni 2020 wakamlipa milioni 2.55. Ondoa gharama za mawakili uone kilichookolewa. Orodha ya makosa yanayofuta fidia iandikwe siku ya kusaini, kwa maneno ya kawaida: kudanganya wachunguzi, kutotoa taarifa ya unyanyasaji, kuingilia uamuzi wa daktari, kuficha malipo kwa wachezaji. Iseme pia nani anathibitisha kosa na kocha ana siku ngapi za kujibu.

Kocha wa mazoezi ya nguvu anaripoti kwa nani?

Ukinipa mkataba wa kocha mkuu na dakika kumi, ninafungua kiambatisho cha wafanyakazi kwanza. Mshahara nitausoma baadaye.

Kocha mkuu huja na watu wake: wasaidizi wa kufundisha, mpangaji wa mbinu za mechi, na karibu kila mara kocha wa mazoezi ya nguvu. Huyu wa mwisho ndiye anayekaa na wachezaji muda mrefu zaidi wakati hakuna mechi, kwa sababu kanuni huwabana makocha wengine miezi hiyo. Asubuhi za Februari na mchana wa joto wa Juni, yeye ndiye timu.

Mei 29, 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, mchezaji wa miaka 19, Jordan McNair, alikuwa kwenye mbio za marudio za yadi 110. Zilipangwa 10. Alizidiwa, akashindwa kusimama wima, wenzake wakamshika. Uchunguzi wa nje uliofanywa baadaye ulihesabu saa 1 na dakika 39 tangu dalili zilipoanza hadi gari la wagonjwa lilipoondoka naye. Hakuzamishwa kwenye maji ya baridi. Mazoezi yalikuwa yamehamishiwa uwanja mwingine dakika za mwisho, na vifaa havikuwa vimewekwa huko. Hospitalini joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 41. Alifariki Juni 13.

Tume iliyochunguza utamaduni wa timu ile ilikuta kwamba wakubwa hawakuwa na jibu moja kuhusu nani hasa alimsimamia kocha wa mazoezi ya nguvu. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, rais wa chuo alikuwa amekataa pendekezo la kubadilisha mfumo wa matibabu ya wanamichezo. Kisha Oktoba 30 bodi ya jimbo ikatangaza kwamba kocha mkuu, DJ Durkin, arudi kazini, na rais, Wallace Loh, akatangaza kustaafu. Oktoba 31 Loh huyohuyo akamfukuza Durkin. Novemba 1 mwenyekiti wa bodi akajiuzulu. Siku tatu, maamuzi manne yanayogongana, na nyumbani kuna wazazi wamezika mtoto.

Kanuni ipo. Tangu 2016 vyuo vya kanda kubwa, yaani makundi makuu ya vyuo vinavyoshindana pamoja, vilikubali kwamba daktari na watabibu wa timu wana mamlaka ya mwisho, yasiyopingwa na kocha, kuhusu matibabu na kurudi uwanjani. Kanuni hiyo huvunjika kimyakimya ikiwa mtabibu anatathminiwa kila mwaka na kocha, au mshahara wake unatoka kwenye fungu la futiboli. Mtu hamwambii "simamisha mazoezi" yule anayeweza kumkatia riziki. Kwa hiyo fuateni pesa. Mshahara wa mtabibu utoke kitivo cha udaktari au huduma ya afya ya chuo, tathmini yake iandikwe na daktari mkuu, na kocha mkuu asiwe na saini katika kuajiriwa kwake wala kuondolewa kwake. Kocha wa mazoezi ya nguvu akubaliwe na kocha mkuu, ndiyo, lakini msimamizi wake wa usalama awe naibu mkurugenzi anayeshughulikia afya, na jina la naibu huyo liandikwe kwenye mkataba wenyewe. Kuandika cheo tu hakutoshi. Kiti kikibaki wazi miezi sita, hakuna anayesimamia.

Halafu shuka uwanjani ujionee mwenyewe. Vyuo vingi hutumia hori la plastiki la kunyweshea ng'ombe, lenye ujazo wa lita 570 hivi. Chovya kipimajoto. Maji yawe kati ya nyuzi 2 na 15 za Selsiasi, na magunia ya barafu yawe pembeni kabla mchezaji wa kwanza hajaanza kukimbia. Hori tupu lenye bomba lililoviringishwa ndani yake ni pambo. Kiharusi cha joto hupimwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kwa kuwa cha mdomoni au cha paji la uso hudanganya baada ya mbio. Utaratibu ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye: mchezaji azame hadi shingoni, maji yakorogwe, kichwa kishikwe, mpaka joto lishuke karibu na nyuzi 39, ndani ya dakika 30. Ndipo gari liondoke. Na iandikwe hivi: mahali pa mazoezi pakibadilika, mazoezi hayaanzi mpaka hori lifike na mtabibu asaini.

Makocha wengine hunung'unika kwamba hayo yanawalainisha vijana. Nimesikia mengi katika kazi hii, na hili ndilo pekee lililowahi kunikasirisha hadi nikatoka chumbani.

Fomu za saa na alama za darasani

Kanuni ya NCAA inaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na saa 8 kwa wiki nje ya msimu. Nani anazihesabu? Michigan, enzi za Rich Rodriguez, fomu za saa zilipaswa kutoka kwa wafanyakazi wa futiboli kwenda ofisi ya kanuni. Hazikufika. Ofisi ikakumbushia, ikakumbushia tena, mkaguzi wa ndani akaandika ripoti mwaka 2009, na mwaka 2010 chuo kikaishia kwenye uangalizi wa miaka 3 pamoja na kujikata saa 130 za mazoezi. Kuhesabu si kazi ngumu. Kilichokosekana ni mtu wa ofisi mwenye uwezo wa kufunga mlango wa uwanja fomu isipofika. Weka hivi: fomu ya wiki isipofika Jumatatu saa 6 mchana, hakuna mazoezi Jumanne. Itatokea mara moja tu.

Masomo nayo yana mstari wake. Mwaka 2015 kocha wa Rutgers, Kyle Flood, aliwasiliana na mwalimu kuhusu alama za mchezaji wake. Rais akamsimamisha mechi 3 na kumtoza dola 50,000, na msimu ulipoisha Flood na mkurugenzi wa michezo wakaondoka siku moja. Washauri wa masomo wa wachezaji wawe chini ya ofisi ya taaluma. Basi.

Pesa za wachezaji na kiti kipya mezani

Julai 1, 2025 mambo yalibadilika kuliko wakati wowote tulioujua. Juni 6 Jaji Claudia Wilken alikuwa ameidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, na tangu Julai vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo kwa michezo yote ya chuo kiliwekwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025-26. Ukomo wa ufadhili wa masomo 85 kwenye futiboli umeondolewa, na badala yake timu ina kikomo cha wachezaji 105. Mikataba ya mchezaji na mtu wa nje ya dola 600 au zaidi lazima ipelekwe kukaguliwa.

Zamani kocha alikaa sebuleni kwa mama wa mchezaji akaahidi elimu na nidhamu. Sasa anaahidi kiasi. Na ahadi ya sebuleni ikishatoka, ofisi hulipa au hushtakiwa. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuruhusu wasaidizi watatu watoe namba tofauti kwa familia tofauti bila daftari moja. Dirisha la uhamisho la Januari, yaani kipindi ambacho wachezaji huruhusiwa kuhama chuo, lilipokaribia, fungu lilikuwa limeahidiwa kwa watu wengi kuliko lilivyokuwa na pesa. Ilibidi mtu apige simu kwa familia mbili kurudisha neno nyuma. Sauti ya baba mmoja siku ile bado naisikia. Hakupiga kelele, aliuliza tu kama kocha anajua kwamba tumepiga.

Ndipo alipoingia meneja mkuu, cheo kilichoazimwa kutoka ligi ya kulipwa. Swali la nani bosi sasa limehamia kwake, na kuna njia mbili. Stanford walimweka Andrew Luck, mchezaji wao wa zamani, Novemba 2024, awe juu ya programu nzima pamoja na kocha. Machi 2025 Luck akamwondoa kocha Troy Taylor, akamleta Frank Reich kwa msimu mmoja. North Carolina walikwenda njia nyingine: Desemba 2024 walimwajiri Bill Belichick kwa dola milioni 10 kwa mwaka, naye akaja na meneja mkuu wake, Michael Lombardi, kwa milioni 1.5. Kwa Stanford, meneja anaweza kumkatalia kocha. Kwa North Carolina, meneja ni mtu wa kocha, wameingia pamoja.

Mimi nasimama na njia ya kwanza, kwa sababu moja ya hesabu. Kocha anayepigania kazi yake mwezi wa kumi na moja atatumia pesa za mwaka ujao kununua ushindi wa mwaka huu. Simlaumu, nami ningefanya hivyo. Anahitajika mtu ambaye ajira yake haiishi siku ileile na ya kocha. Utaratibu tunaoufuata sasa ni huu: kocha anapendekeza mchezaji, meneja anapanga bei, mhasibu wa mkurugenzi anathibitisha kwamba pesa ipo, kisha meneja peke yake ndiye anayetaja namba kwa familia, kwa maandishi. Sehemu ya fungu haiguswi mpaka Januari 2, dirisha linapofunguliwa. Kocha akitaja namba kwa mdomo, namba hiyo inakatwa kwenye fungu lake la safari za kusaka wachezaji. Sharti hilo la mwisho lilizua ugomvi wa wiki tatu, na ndilo lililofanya mengine yashike.

Timu ikianza kupoteza

Rais wa chuo na mkurugenzi wa Penn State walimwendea kocha wao, Joe Paterno, nyumbani kwake mwaka 2004 wakimshauri astaafu. Alikataa, nao wakarudi ofisini. Ukitaka kujua siku ambayo chuo kilipoteza usukani, usitazame Novemba 2011, bodi ilipomfukuza kwa simu baada ya kulipuka kashfa ya Sandusky, msaidizi wake wa zamani aliyeshtakiwa kwa kunyanyasa watoto kingono. Tazama ile ziara ya nyumbani: waajiri walimwomba mwajiriwa ruhusa, wakanyimwa.

Siku hizi kocha huondolewa mapema zaidi, wakati mwingine katikati ya msimu, na kishindo humfikia aliyemwajiri. LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, walimwondoa kocha Brian Kelly Oktoba 26, 2025 wakidaiwa takriban dola milioni 54. Siku tatu baadaye gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alisema hadharani kwamba mkurugenzi Scott Woodward hatachagua kocha ajaye. Woodward, ambaye ndiye aliyemchukua Fisher kule Texas A&M mwaka 2017 na Kelly pale LSU mwaka 2021, aliondoka kesho yake. Siwezi kutetea mikataba ile. Lakini gavana kumtaja mkurugenzi kwenye vipaza sauti kunamwambia kila wakala nchini kwamba mwenye neno pale hayuko kwenye ofisi ya michezo, na wakala atapandisha bei kwa sababu hiyo.

Siku yenyewe huwa Jumapili. Mkurugenzi amwambie kocha ana kwa ana, chumbani wawe watatu, na barua iwe imeshasomwa na mwanasheria tangu Ijumaa. Barua iseme neno moja tu kuhusu sababu, "bila kosa" au "kwa kosa", maana kuchanganya hayo mawili ndiko kunakozaa kesi. Wachezaji waambiwe ndani ya saa moja, kabla simu zao hazijaanza kulia, na waambiwe na mkurugenzi mwenyewe, asimtume msaidizi. Waelezwe haki yao: kwa kanuni iliyorekebishwa Oktoba 2025, kocha akiondoka wanapata dirisha la siku 15, linaloanza siku ya 5 baada ya kocha mpya kutangazwa.

Kisha wapo ambao hakuna anayewahesabu. Wasaidizi wa kocha wana mikataba yao na fidia zao, ziwe kwenye jedwali lilelile la ukurasa wa kwanza. Wachambuzi wa video, makatibu na watunza vifaa mara nyingi hawana kitu. Wanasoma habari kwenye simu kama mashabiki, na watoto wao wako katikati ya muhula. Tengeni mishahara ya miezi mitatu kwa ajili yao siku mnayosaini na kocha mkuu. Ukilinganisha na fidia ya mtu mmoja, kiasi chake ni kidogo sana.

Kocha mpya akifika hupokelewa na bendi, maua na ziara ya uwanja. Sisi sasa tunamkalisha kwanza kwenye chumba kidogo chenye meza na watu wanne: mkurugenzi, daktari mkuu, mtu wa kanuni na mhasibu. Kila mmoja anasoma kwa sauti ukurasa wake wa kiambatisho, na kocha anasaini chini ya kila ukurasa. Inachukua dakika 40. Kocha wa mwisho alipomaliza kusaini aliomba aonyeshwe hori la maji, tukashuka naye, akavua saa akachovya mkono, akauliza barafu inakuja saa ngapi.